Matanga ya Kunguru

Yudith alifunga duka siku ya Jumanne, wiki moja kabla ya shule kufunguliwa, na hilo peke yake lilitosha kuushtua mtaa. Fundi wa sare za shule hafungi Januari. Machi anaweza kufunga, Agosti anaweza kufunga akapanda kwao milimani akanenepa, lakini Januari anashona mpaka vidole vinakufa ganzi. Miaka kumi na moja alikuwa hapo nyuma ya stendi ya Same, na kila Januari ilimkuta kwenye cherehani, mashati meupe upande huu, sketi za bluu upande ule, na akina mama mlangoni wakiapa kwamba waliahidiwa jana.

Aliyemwona akitia kufuli ni Safia, muuza tangawizi na viungo wa duka la pili. Walipakana ukuta kwa ukuta miaka yote hiyo. Safia akauliza kulikoni, mbona kufuli saa mbili asubuhi. Yudith angeweza kusema anaumwa. Angeweza kusema mashine imevunjika, umeme umekatika, lolote lile. Lakini hakuwa amelala, na alikuwa na uchovu wa muda mrefu, ule unaomnyima mtu nguvu hata za kutunga uongo. Akasema ukweli.

"Nimefiwa."

Safia akaweka chini kopo lake la kupimia. "Inna lillahi. Pole, mama Faraja. Pole sana, mdogo wangu. Nenda ndani ukakae, mengine tuachie."

Hakuuliza ni nani. Mtu akikuambia amefiwa humhoji mlangoni kama askari wa usalama barabarani. Unampa pole, unafunga cha kwako, unawaambia wengine. Maswali yatakuja watu wakishakaa. Yudith akazunguka nyuma kwenye vyumba vyake viwili, na kabla hajavua viatu alijua kwamba amejiingiza pabaya.

Aliyekufa alikuwa Kunguru.

Hilo si jina alilopewa na wazazi wake, na lile walilompa wao, Yudith hakulijua. Kuna ulimwengu ndani ya kompyuta ambamo watu wa nchi zote huingia, kila mmoja na mwili aliojichagulia, wakajenga nyumba, wakatembeleana, wakavaa nguo zisizoshikika. Faraja, binti yake wa pekee, ndiye aliyemwonyesha alipokuwa kidato cha tatu. Mtoto alichoka nao baada ya wiki mbili. Mama akabaki humo miaka saba.

Humo ndani Yudith alikutana na Weusi. Ni watu wanaovaa nyeusi kuanzia kichwani hadi miguuni, wanaopaka midomo rangi ya wino, wanaopenda nyimbo za huzuni na makaburi yenye ukungu. Mtu wa Same akiwaona atasema wachawi hao, na mchungaji akiwaona atafunga siku tatu. Yudith naye aliwaogopa, mpaka alipogundua kwamba hajawahi kukutana na watu wapole kiasi kile. Akawa fundi wao. Mchana anashona mashati thelathini yanayofanana, jioni anashona gauni moja jeusi la lesi lisilofanana na lolote duniani. Aliwahi kujaribu kuyaleta mavazi hayo na huku. Alijishonea gauni jeusi la shingo ndefu, akapaka kucha nyeusi, akaenda nalo kanisani. Watu wanne walimpa pole kabla ya wimbo wa kwanza. Gauni likaingia sanduku la chini na halikutoka.

Kunguru alikuwa mmoja wa hao Weusi. Alikaa mji wa baridi ambako alifanya kazi ya kupanga samaki kwenye maboksi; hilo alilisema. Mwanamume au mwanamke, mzee au kijana, hakusema na Yudith hakuuliza. Kiingereza cha wote wawili kilikuwa cha kuokoteza, wakielewana hivyo hivyo. Yudith alikuwa amejenga mlima kule ndani, wenye matuta na mfereji na ndiva, lile bwawa la kukinga maji, kama kwao Vudee, na katikati ya mlima aliweka benchi. Kunguru alilipenda lile benchi. Kila jioni Yudith alipoingia, alimkuta ameshakaa.

Huku kwetu watu wanakuambia pole na kazi, wewe unasema asante, mambo yamekwisha. Habari za nyumbani? Nzuri. Mama hajambo? Hajambo. Yudith hakuwa na ugomvi na utaratibu huo. Mtu akianza kujibu kweli pale stendi, mabasi ya Arusha yataondoka abiria wakiwa bado wanasimuliwa. Ila Kunguru hakuujua utaratibu huo. Akiuliza kama umechoka, alitaka kujua umechoka wapi, tangu lini, na nani amekuchosha. Kwa hiyo Yudith alimwambia. Alimwambia kuhusu mume aliyekwenda Tunduma kutafuta maisha akayapata huko pamoja na mke mwingine. Alimwambia kuhusu mgongo, kuhusu Faraja asiyepokea simu tangu aende chuo Dodoma, kuhusu milima anayoiona kila asubuhi akifungua dirisha, ambako mama yake yuko, na jinsi inavyopita miezi bila yeye kunyanyua mguu kwenda. Miaka sita alimwambia.

Jumatatu jioni kiongozi wa Weusi aliandika kwamba Kunguru amefariki, familia imewaarifu. Wakakubaliana kwamba kesho yake kila anayeweza aje mlimani, wasimame kulizunguka lile benchi siku nzima, watu wa kila nchi kwa saa zao. Mlima ulikuwa wa Yudith. Mwenye mlima hawezi kukosekana. Ndiyo maana alifunga duka.

Saa tatu alifungua kompyuta akawakuta kumi na wawili wamefika, wamesimama kimya na makoti yao marefu. Alijisogeza kati yao. Alikuwa hajamaliza hata kuandika jina la marehemu aliposikia hodi.

Walikuwa vijana wa mtaa na turubai. Nyuma yao wanawake na majamvi, sufuria kubwa za kikundi, kuni, unga, sukari, majani ya chai. Safia alileta jamvi lake zuri, lile analolitoa Idi tu. Mama mmoja aliyekuja kugomba kwa ajili ya mashati ya wanawe alibadilisha sura palepale mlangoni, akaomba kisu akaanza kumenya ndizi. Kabla ya saa nne ua ulikuwa umejaa, na Yudith amekalishwa pembeni mwa jamvi, khanga kichwani, watu wakipita wakimshika bega. Alitaka kuwaambia. Kila alipofungua mdomo kuna mtu alisema, "Usiseme kitu, mama Faraja, lia tu." Na yeye kulia alishindwa.

Mzee Elirehema, mzee wa kanisa, alifika na daftari lake la misiba. Ni mtu wa utaratibu, hajawahi kuchelewa msiba wowote tangu astaafu ualimu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Pole sana. Marehemu ni nani kwako?"

"Rafiki. Rafiki yangu wa karibu."

"Rafiki," akaandika. "Wa wapi?"

"Wa mbali."

"Mbali wapi? Tanga?"

"Mbele ya hapo."

Mzee aliandika *mbele ya Tanga* kwa mwandiko mzuri. "Maiti wanaipandisha lini? Nataka nimwahi mwenye gari."

Swali lilikuwa sahihi. Mpare anaweza kuishi miaka hamsini huku bondeni, akifa anapandishwa kwao akalale kwenye shamba la baba yake. Yudith akasema hakuna gari, watazika huko huko.

"Huko huko? Kwani hawana kwao?"

Mzee akaandika *taarifa zaidi zitafuata*, kisha akasogea kando na simu, maana bado kulikuwa na jambo moja la lazima. Mtu akifiwa, kwao waarifiwe. Akapiga usharika wa Vudee.

Mchana uliwaka. Upepo wa Same ukapuliza vumbi chini ya turubai, watu wakala, watu wakaimba mapambio, wale wa Kiislamu wakakaa kwa heshima mpaka mapambio yaishe. Yudith alinyanyuka mara mbili kwenda chumbani, na mara zote mbili wanawake wawili walimsindikiza wakamshika mikono kama mgonjwa. Kupitia pazia aliiona kompyuta mezani. Weusi walishafika thelathini. Na yeye alikuwepo kati yao, kichwa kimeinama, kwa sababu ule mwili usipoguswa kwa muda huinamisha kichwa wenyewe. Wenzake labda walifikiri anasali. Alijisikia vibaya kote kuwili. Hapa msiba ulikuwa na watu bila marehemu, na kule marehemu alikuwa na watu bila mwenyeji.

Saa tisa alasiri sauti ilitangulia kutoka barabarani, kisha bodaboda, kisha mama yake.

Habari ilifika Vudee kwa maneno mawili tu, Yudith amefiwa. Vudee wakapiga hesabu yao. Baba wa Yudith alishazikwa zamani. Mume hayumo tena katika hesabu. Mama huyu hapa, kaka yake Rodgers yule kule anapalilia. Nani amebaki? Hakuna aliyelitaja jina na hakuna aliyehitaji kulitaja. Bibi Dorkas, mwenye miaka sabini na minne, ambaye hajawahi kupanda pikipiki maishani mwake, alipanda ya kwanza iliyopita akashuka nayo kona zote za mlima.

"Faraja wangu," alikuwa akilia. "Faraja mjukuu wangu. Mbona hakunichukua mimi?"

Mguu mmoja ulikuwa hauna kiatu. Wanawake wote walisimama. Tangu asubuhi walikuwa wameombolezea mtu asiyejulikana, na sasa wamejulishwa ni nani, basi kilio kikapanda mpaka watu wa stendi wakageuka. Safia alishika kichwa kwa mikono miwili. Faraja alikulia kwenye baraza lake, akitafuna vipande vya tangawizi kwa ubishi.

"Mama," Yudith alisema. "Mama, si Faraja. Mama, nisikilize."

Hakuna aliyemsikia. Akatoa simu, akapiga Dodoma. Iliita ikakatika. Akapiga tena, akimwomba Mungu kwa sauti binti yake apokee simu mara hii moja tu. Akaweka sauti ya nje, akamsogezea mama yake sikioni.

"Mama, niko darasani bwana, nini tena?"

Bibi Dorkas alinyamaza ghafla. Akaitazama ile simu.

"Ongea na bibi yako," Yudith akasema.

"Ee, bibi yupo hapo? Bibi, shikamoo."

"Marahaba," alijibu Bibi Dorkas kwa sauti ya kawaida kabisa, kisha akakaa chini kwenye vumbi.

Mzee Elirehema alivua miwani. "Sasa, Yudith. Nani amekufa?"

Akawaambia akiwa amesimama. Hakupunguza wala hakupamba, hakuwa na nguvu ya kupamba. Akasema kuna mtu, anaitwa Kunguru, wamekuwa wakiongea kwa kompyuta miaka sita kila jioni, na mtu huyo amekufa.

"Mliwahi kuonana?"

"Hapana, mzee."

"Ni mama au baba?"

"Sijui."

Yule mama wa mashati aliachia kicheko kidogo, akakimeza. Mzee Elirehema alilitazama daftari lake muda mrefu, pale palipoandikwa mbele ya Tanga. "Humu nimeandika watu wangu wote," alisema. "Kunguru siwezi kumwandika. Nisamehe." Akalifunga. Hakuwa amekasirika, na hilo lilimuumiza Yudith zaidi.

Watu wakaanza kuondoka. Sufuria zikaoshwa, kuni zilizobaki zikafungwa. Mama wa mashati akauliza, kwa kuwa hakuna msiba, je, kesho atayapata? Yudith akamwambia atayapata.

Safia alibaki wa mwisho. Alikuwa analipiga makofi jamvi lake kutoa vumbi, taratibu.

"Miaka sita ulikuwa unamwambia mambo yako?"

"Ndiyo, dada."

"Ya mumeo? Ya mgongo?"

"Ndiyo."

"Na mimi niko hapa. Ukuta huu." Aligusa ukuta kwa kiganja. "Nilipomzika mume wangu Chande ulikuja, ukakaa pale mlangoni na simu mkononi. Nilikuona. Nikajiambia ana mambo yake huyu, maskini. Kumbe ulikuwa unakwenda kwake."

Ilikuwa kweli. Siku ile ya Chande alimwandikia Kunguru kwamba dua ni ndefu na joto ni kali. Aibu ilimpanda mpaka masikioni. Akasema, "Nisamehe, dada Safia."

"Pole yangu nimeshakupa, siichukui. Jamvi langu nalichukua." Akalikunja, akalitia kwapani, akaenda zake.

Saa kumi na moja walikuwa wamebaki wawili tu chini ya turubai. Yudith alileta beseni la maji ya uvuguvugu, akamkalisha mama yake kwenye kizingiti, akaanza kumwosha miguu. Ule wa peku ulikuwa umechubuka. Bibi Dorkas aliacha aoshwe, lakini hakumwangalia binti yake.

"Nimelia kutoka Vudee," alisema. "Kila kona nimelia. Yule kijana wa bodaboda naye alikuwa analia, na Faraja hata hamjui."

"Nisamehe, mama."

"Nimemlilia mtu mpaka machozi yamekwisha. Sasa nirudi na kilio hicho mlimani nikamweleze nani?" Akatia mguu wa pili kwenye beseni. "Huyo wako analiliwa na nani?"

"Wapo watu wanamwomboleza."

"Wako wapi?"

"Ndani, mezani."

"Walete niwaone."

Yudith alifuta mikono kwenye khanga, akaenda kuichukua kompyuta, akaiweka mapajani mwa mama yake. Bibi Dorkas alisogeza uso karibu sana. Hakuwaona watu kwanza. Aliona matuta, akaona ndiva.

"Hapa ni kwetu."

"Nilipajenga mimi."

"Mfereji umeukosea. Huu ungepita juu ya nyumba ya baba yako."

"Najua, mama."

Kisha akawaona. Walikuwa arobaini na zaidi sasa, weusi tupu, wamelizunguka benchi lisilo na mtu. Hakuna aliyetikisika. Bibi Dorkas hakuonekana kuwaogopa. Amezika watu wengi, nguo nyeusi si kitu kwake.

"Hawa ndio wafiwa?"

"Ndio."

"Wamesimama tangu saa ngapi?"

"Tangu asubuhi."

"Na mlima huu mwenyewe ni nani?"

"Ni mimi."

Hapo ndipo mama yake alipomwangalia usoni kwa mara ya kwanza tangu afike. "Watu wamekuja kwako kwenye msiba, umewasimamisha tangu asubuhi mpaka jua hili? Hukuwaambia hata karibuni? Nani aliyekulea wewe?"

Yudith alifungua mdomo aeleze kwamba wale hawachoki miguu, ni picha tu, wenye miguu wamekaa makwao. Akaona hayo hayaelezeki, na hata kwake mwenyewe hayakuwa na ukweli wa kutosha.

"Waambie wakae," alisema Bibi Dorkas.

Akainama juu ya mapaja ya mama yake akaandika kwa Kiingereza chake kile kile. *Mama yangu ameshuka kutoka mlimani. Anasema mkae.*

Kwa muda hakuna kilichotokea. Kisha mmoja mwenye koti refu, karibu na ndiva, akakaa kwenye majani. Akafuata mwenye pembe. Wakafuata wawili walioshikana mikono. Wakawa wanakaa mmoja mmoja, kutoka juu ya mlima kushuka chini, wengine kwenye matuta, wengine ukingoni mwa mfereji uliokosewa, na Bibi Dorkas akiwasindikiza kwa kidole, akisema kwa Chasu, Kipare chao, huyo, na huyo, vizuri, na wewe.

Alipofika mwisho kidole kilisimama.

"Na yule pale pembeni, wa gauni la lesi? Mbona amebaki?"

"Yule ni mimi, mama."

Bibi Dorkas alimtazama yule, akamtazama huyu aliyepiga magoti mbele ya beseni.

"Ni wapi panapobonyezwa?"

Yudith akamwonyesha. Mama yake akabonyeza, akashikilia kidole pale mpaka akahakikisha kwamba binti yake amekaa.